Maua Yaliyofunga Ziwa Letu

Kwenye ramani halimo. Ukiuliza ofisini watakuambia ni bwawa tu, kwa sababu lilichimbwa na matingatinga kwa ajili ya kunyweshea ng'ombe, halafu chemchemi ya chini ikalijaza kuliko walivyotarajia. Lakini sisi tuliokulia Koboko, pembe ya Uganda inayopakana na Kongo na Sudan Kusini, tunaliita ziwa, na mimi siwezi kuliita vinginevyo. Liko bondeni, njia ya kwenda Dranya. Upande mmoja kuna mihogo, upande wa pili simsim, yaani ufuta, na kule mwisho yanasimama matete ambamo ndege weupe hulala.

Marehemu baba yangu alikuwa askari. Kiswahili chetu cha nyumbani kilitoka kambini pamoja naye, na kuogelea pia alijifunza huko. Aliporudi akatuingiza ziwani watoto wake wote, wasichana kwa wavulana, tukiwa na suruali ndefu na mashati yake ya zamani. Majirani wakamsema. Akawajibu kwamba binti zake ndio wanaotumwa kuchota maji, kwa hiyo wao ndio wanaoweza kuteleza wakaanguka.

Niliolewa Arua, nikafanya biashara ya matairi miaka mingi kando ya barabara yenye vumbi. Watoto walipokua nikarudi Koboko na shehena ya tyubu kuukuu za lori, zile ambazo haziwezi tena kubeba mzigo lakini bado zinashika hewa. Mume wangu alicheka sana. Nilimwambia nataka watu wa kwetu wajue kupumzika majini kama wanavyojua kupumzika sokoni. Nikajenga kibanda cha nyasi, nikaweka jiko la chai, nikanunua jaketi za kuokolea, nikafunga kamba kuonyesha mahali ambapo miguu inafika chini.

Mitumbwi yetu miwili ilitengenezwa na fundi mmoja Mkongo aliyevuka mpaka zamani akakaa kwetu. Alikuwa mrefu, mchangamfu, na hakuwahi kuona tatizo ambalo lisingeweza kungoja hadi kesho.

"Dada," aliniambia siku ya kwanza, "mutu ya Koboko anaogopa maji sana. Lakini ukimupa kitu ya kushika, ataingia."

Alisema kweli. Waliingia. Jumapili baada ya kanisa walikuja walimu na waendesha boda, Idd zikaja familia nzima na sufuria za pilau. Wanawake wenye umri wangu, ambao hawajawahi kulowesha kitu zaidi ya vifundo vya miguu, walikaa ndani ya tyubu wakapiga kelele kama watoto. Baadhi yao nilikuwa nawafundisha kuogelea siku za katikati ya wiki, wakati hakuna wanaume wa kuwatazama. Wengine walikuja na ndoano wakavua perege. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata kwenye matairi.

Ndipo ikaja harusi.

Binti wa mfanyabiashara mmoja wa mjini alitaka sherehe yake ifanyike ufukweni, na mwenyekiti wa kijiji alikubali bila kuniuliza. Sikukasirika. Ziwa ni la watu wote. Asubuhi hiyo akafika mpambaji kijana kutoka Arua na gari la mizigo. Nyuma kulikuwa na mabeseni yaliyojaa mimea ya kijani yenye majani mazito yanayong'aa, na katikati maua ya zambarau, mazuri kweli, kila moja na doa la njano kama jicho.

Nilipoyaona nikaliendea gari. Ninayajua. Niliwahi kwenda kumtembelea mjomba wangu kule Mto Nile, upande wa Rhino Camp, nikakuta wavuvi wamesimama kwenye mtumbwi wakikata njia kwa mapanga kana kwamba wako msituni. Maji yalikuwa chini, hayaonekani, na juu yalitanda maua hayo hayo mpaka mbali. Mjomba aliyaita magugu maji, na aliyataja kama mtu anavyomtaja mwizi anayemjua kwa sura.

"Kijana," nikamwambia mpambaji, "hayo yasiingie majini."

"Mama, ni ya kupamba tu. Jioni natoa yote."

"Basi yabaki ndani ya mabeseni."

"Ndani ya beseni haitoki vizuri kwa picha."

Nikasimama mbele ya gari lake. Nikaeleza habari ya Nile, habari ya wavuvi, jinsi kipande kimoja kinavyozaa kingine na kingine. Mama wa bibi harusi akaja na kitenge chake kipya, akanishika mkono kwa upole.

"Leo ni siku ya mtoto wangu. Tusigombane juu ya majani."

Mwenyekiti akaitwa. Ni mzee mwenye heshima zake, anayependa amani kuliko kitu kingine, hasa amani ya siku hiyo hiyo.

"Mama, wacha watoto wafurahi," akasema. "Hii ni maua tu. Ziwa hapana kufa kwa maua."

Basi wakayamwaga. Yakaelea kuzunguka jukwaa la maharusi, na ni kweli, picha zilitoka nzuri. Jioni mpambaji akakusanya aliyoyafikia kwa mkono, akafunga gari, akaenda zake. Mimi na fundi tukapanda mtumbwi tukaokota yaliyobaki mpaka macho yakashindwa kuona. Lakini upepo ulikuwa umeshasukuma mengine kwenye matete, na ndani ya matete huwezi kupita.

Mvua zilipoanza, yakatoka. Kwanza kijani kidogo pembeni, kama mtu aliyeangusha sukuma wiki. Nikayang'oa. Baada ya siku chache yakawa mkeka. Nikayang'oa tena, nikiwa nimesimama kwenye matope hadi kiunoni, mizizi yake myeusi ikinishika miguuni. Nilikuwa nikisafisha sehemu moja asubuhi, na asubuhi nyingine upepo umeleta kipande kingine pale pale. Kisha yakachanua.

Hapo ndipo balaa lenyewe lilipoanza, kwa sababu yalipendwa.

Picha za harusi zilikuwa zimeshasambaa kwenye simu za watu, na sasa hapakuwa na haja ya kuleta mabeseni. Ziwa lenyewe lilikuwa beseni. Watu wakaja kutoka Arua, wakaja kutoka ng'ambo ya mpaka, wamevaa vizuri, wamepaka mafuta. Hawakuja kuogelea. Waligeuza migongo kwa maji, wakainua simu, wakapiga, wakaondoka. Miaka yote nilikuwa nimewaomba watu waje wafurahie maji, na sasa walikuwa wamekuja kufurahia kitu kinachoyaua. Nikitoka na reki yangu walinikemea.

"Mama, wewe naharibu maua!"

"Kwa nini wewe nataka kutoa? Iko mzuri hivi!"

Siku moja mwanamke mmoja aliondoka na mche ndani ya mfuko wa plastiki. Nikamfuata hadi barabarani nikauchukua. Akaniita mchawi. Nikarudi nikakaa kibandani na hasira zangu mpaka chai ikafurika ikazima moto.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa fundi. Mitumbwi ilikuwa haiwezi tena kupita katikati kwa kafi, kwa hiyo alichonga upondo mrefu, akawa anawasukuma wageni mpaka ndani ya maua wapigwe picha. Alikuwa anaimba.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Dada, tungoje kidogo. Batu banakuja. Si ndiyo ulitaka?"

"Nilitaka waje majini."

"Maji iko chini yake."

Nikamgeuzia mgongo, na miezi ikapita hivyo. Tulipitana kila siku kwenye kinjia kile kile, naye akawa ananisalimu kwa sauti kubwa, nami najibu kwa kichwa.

Nikaenda ofisini Koboko. Afisa wa samaki alinipokea vizuri, akanipa kiti, akasema yeye anashughulika na samaki na huu ni mmea. Afisa wa kilimo akasema ni mmea kweli, lakini uko majini. Wa mazingira alikuwa Arua kwenye semina. Nikapanda gari nikaenda Arua. Nikamkuta hotelini, wakati wa chai, mwanamke mwungwana aliyenisikiliza mpaka mwisho na kutazama picha zote kwenye simu yangu. Alijua jina la mmea huo na madhara yake kunizidi. Alisema ni lazima waje waone kwanza, waandike ripoti, kisha waombe bajeti, na kwa sasa gari lao halina mafuta.

"Wakati huo litakuwa limefunikwa lote," nikamwambia.

"Najua, mama," akasema, na nadhani alijua kweli. "Mimi pia nachoka."

Nilitamani angenifokea. Ningekuwa na mtu wa kumchukia njiani kurudi.

Idd ikafika. Watu walikuwa wengi kuliko siku yoyote niliyowahi kuiona pale. Mkeka wa magugu ulikuwa umeshika ukingo wote wa upande wa simsim, mnene, umelala sawa na nchi kavu, na nyasi za ukingoni zilikuwa zimechanganyika nao. Mgeni hawezi kujua ardhi inaishia wapi. Nilikuwa nimepigilia vijiti na kufunga vitambaa vyekundu. Wageni waliving'oa kwa sababu vilikuwa vinaonekana kwenye picha.

Nilisikia sauti ya msichana mmoja akimwelekeza mwenzake: "Rudi nyuma kidogo. Kidogo tena." Nikageuka. Aliyekuwa anapigwa picha alikuwa na gauni refu jipya, la Idd, la rangi ya maziwa. Akarudi nyuma hatua moja, maua yakamfika magotini, akacheka. Akarudi nyingine. Akazama wima, kama aliyeshuka ngazi ambayo haipo, na mkeka ukajifunga juu ya kichwa chake. Hapakubaki hata tundu.

Niliingia na nguo zangu zote. Chini ya magugu kuna giza mchana kweupe. Mizizi inaning'inia kama nywele, inaingia puani, inazunguka shingo. Niliogelea kwa mikono, nikipapasa, hadi nikashika kitambaa, kisha mkono, na ule mkono ukanishika kwa nguvu za kutisha. Nilimsukuma juu. Juu hapakufunguka. Nikapiga kwa kichwa, kwa kiwiko, mkeka ukainuka kidogo ukarudi. Nakumbuka niliwaza kwamba nitafia mahali nilipojifunzia kuogelea, na wazo hilo liliniudhi kuliko kuniogopesha.

Kisha kitu kizito kikapasua juu yetu, mwanga ukaingia. Fundi alikuwa amerusha mtumbwi wake juu ya magugu na sasa alikuwa amelala kifudifudi, anakata kwa kafi na kung'oa kwa mikono, huku akilia kwa sauti. Akatuvuta mmoja baada ya mwingine.

Msichana alitapika maji mengi meusi, akapumua, akamwita mama yake. Alikuwa hai. Nilikuwa nimepiga magoti, nakohoa, nikamwona kaka yake anakuja mbio, nikadhani anakuja kunishika mkono.

"Nyinyi naua watu hapa!" akanipigia kelele. "Mnaita watu kuogelea, mnaua watu!"

Asubuhi iliyofuata lilikuja gari. Mafuta yalikuwa yamepatikana. Walishuka maafisa ambao sikuwahi kuwaona, pamoja na polisi, wakapigilia kibao kipya kando ya kibanda changu: KUOGELEA NA KUPANDA MITUMBWI NI MARUFUKU. Wakachukua kamba yangu iliyokuwa inaonyesha kina. Jaketi za kuokolea wakasema ni ushahidi.

"Na magugu?" nikauliza.

Kijana aliyekuwa ameshika nyundo akatazama ziwa, maua yote yale yaliyokuwa yamechanua, akapiga picha kwa simu yake.

"Hiyo ni mambo ya ofisi nyingine, mama."

Wakaondoka. Nikakaa kwenye benchi langu. Fundi akaja akakaa pembeni yangu, mikono yake imechanika kila mahali kwa kung'oa.

"Dada, nilifanya vibaya," akasema. "Nilikuwa naimba."

"Ulikuwa unaimba vibaya pia," nikamwambia, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi tukacheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Nilikusudia kufunga virago nirudi Arua. Wanawake wanaochota maji ndio walionizuia, na si kwa maneno. Kuogelea kulikuwa kumepigwa marufuku, lakini kuchota hakukupigwa, na wao walikuwa wanainama kila siku juu ya ule mkeka, wanausukuma kwa jerikani, wanapata maji yenye rangi ya chai na harufu ya kitu kilichooza. Asubuhi moja nikamkuta mmoja wao, mjane wa askari, amesimama ndani hadi mapajani, anavuta magugu kwa jembe.

"Wewe ulituambia siku ile ya harusi," akasema bila kugeuka. "Tukakuona kama mtu wa kelele. Shika upande ule."

Tukavuta. Siku iliyofuata walikuja wengine, na wakaja wazee wachache waliotumika jeshini pamoja na baba yangu, ambao bado wananiita binti wa afande na bado wanapenda kupanga watu mstari. Fundi alichonga reki za mbao zenye meno marefu, akaunganisha mianzi mikavu kwa kamba ikaelea kama uzio, tukawa tunasukuma magugu nyuma yake sehemu kwa sehemu. Tuliyapandisha kilimani, mbali na mteremko, yakauke kabisa kabla ya kuyachoma. Waendesha boda walikuja Jumamosi, wakachoka mapema, wakarudi Jumamosi nyingine. Msichana wa Idd alikuja pamoja na mama yake. Hakukanyaga maji. Alikaa ukingoni akapokea tulichovuta, akakiburuta mpaka kwenye rundo, kutwa nzima.

Ningependa kuandika kwamba tulishinda. Kiangazi kilipoingia, nusu ya ziwa ilikuwa wazi, na tuliona tena rangi ya mbingu ndani yake. Nusu nyingine, kule kwenye matete, hatujaifikia mpaka leo. Mbegu zimelala matopeni na yule afisa mwungwana wa Arua, ambaye hatimaye alifika, aliniambia zinaweza kulala miaka mingi. Kila mvua tunaanza upya. Kibao bado kipo. Nimeomba kiondolewe, nikajibiwa kwamba kukiweka ilikuwa amri ya dharura lakini kukiondoa kunahitaji kikao. Kwa hiyo katika maji tuliyoyasafisha kwa mikono yetu haturuhusiwi kuogelea, na wanaokuja kupiga picha wanaruhusiwa.

Juzi mjane akanipigia simu. Alisema amemwona mzee mmoja wa kata ya Kuluba ameondoka kwa boda na beseni limefunikwa kwa gunia, na majani ya kijani yanachungulia. Sikumaliza chai. Nikachukua boda nikamfuata njia yote ya Kuluba, nikiuliza nyumba kwa nyumba, mpaka nikamkuta nyuma ya nyumba yake kando ya bwawa lake la samaki. Lilikuwa dogo, safi, limechimbwa vizuri. Chini yake kulikuwa na mfereji unaokwenda kwenye kijito, na kijito hicho kinapita mashamba ya watu wote wa upande ule. Magugu yalikuwa yameshaanza kuelea.

"Mzee, shikamoo. Naomba uyatoe hayo."

"Marahaba. Kwa nini nitoe? Jua iko kali. Samaki yangu nataka kivuli."

"Mwaka ujao hutakuwa na samaki. Hutaona hata maji."

"Wewe ni serikali?"

"Hapana."

"Basi nenda nyumbani, mama."

Nikamweleza yote. Harusi, Nile, msichana wa Idd. Nilijisikia nikisema maneno yale yale niliyomwambia mpambaji, kwa sauti ile ile, na nikaona uso wake ukifunga kama nyuso zote zile. Mkewe alikuwa ametoka jikoni, amesimama mlangoni anasikiliza. Nikavua viatu, nikaingia bwawani mwake na gauni langu.

"Mama! Unafanya nini ndani ya samaki yangu?"

Nikakusanya mche mmoja mmoja, nikapapasa chini ya majani kutafuta vipande vilivyokatika, nikavirusha ukingoni. Samaki wakanigonga miguu. Mkewe akashuka, akaleta beseni, akaanza kuokota nilichorusha bila kumtazama mumewe. Mzee akabaki amekunja mikono kifuani, anapumua kwa nguvu, anasema peke yake habari ya watu wasio na adabu wanaotoka mjini. Nilipofika upande wa mfereji nikadhani nimemaliza, nikageuka kutoka.

"Pale," mzee akasema kwa hasira, akinyoosha kidole kuelekea kwenye nyasi. "Umeacha moja."